Ngoja Nigeuke

Mimi ni mtu wa mashoto. Siku hizi nasema hivyo bila kushusha sauti, lakini nilipokuwa mtoto pale Malindi ya milimani Lushoto, si ile ya pwani, jambo hilo lilizungumzwa taratibu, kama habari ya mtu aliyefungwa. Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, kwa sababu wazazi wangu walikuwa wanachuma chai Kwamkoro, upande wa pili kabisa wa milima, na walikuja nyumbani wakati wa Krismasi tu, tena si kila mwaka. Kwa hiyo mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzigo wa bibi. Alikuwa mtu wa kanisani, na mchungaji alikuwa ameshahubiri kwamba siku ya mwisho mbuzi watasimama upande wa kushoto. Bibi hakutaka mjukuu wake aanze kujizoeza.

Kula ilikuwa kwa mkono wa kulia, na kusalimia hivyo hivyo. Kupokea kitu, kutoa kitu, kumwonyesha mgeni njia, vyote kulia. Nikikosea, mwiko ulinigonga kwenye kifundo cha mkono, si kwa hasira, ila kwa mazoea, na mazungumzo yakaendelea. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kumrushia mtu mzima kitu kwa kushoto. Hata ukimtupia sanduku la kiberiti alilokuomba mwenyewe, ukimtupia kwa kushoto umemtukana, na tusi hilo halifutwi kwa kusema samahani. Hayo yalikuwa ya bibi, na kwa kadiri nilivyojua yalikuwa ya milima yote.

Tatizo ni kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa goigoi. Ulichanja kuni kama mtu anayebembeleza. Ulikata majani ya ng'ombe mpaka ng'ombe mwenyewe akaja kuchungulia kulikoni. Na bibi, pamoja na dini yake, kitu alichokichukia kuliko mkono wa kushoto kilikuwa uvivu. Alikaa na mambo hayo mawili kwa muda, akayapima, akapata njia. Kazi ikizidi, alikuwa anasema kwa Kishambaa, "Ngoja nigeuke." Anageukia jikoni, au mlima, au ukuta ukiwa ndio ulio karibu. Mimi nahamishia panga kushoto, na kuni zinalia pa, pa, pa. Baadaye anauliza, "Umemaliza?" Nikisema nimemaliza, anageuka, anatazama rundo la kuni, anasema, "Haya. Nisichokiona hakijanitukana."

Tuliishi hivyo miaka mingi na sikuona ajabu yoyote. Kulinda mahindi ndiko kulikokuwa raha yangu, maana tumbili wa msitu wa Magamba hawakuwa na habari na adabu. Bibi alikuwa anapalilia chini ya mteremko, mgongo wake kwangu, na mimi juu yake nikirusha mawe kwa kushoto, yanapita juu ya kichwa chake na kwenda kuwatafuta tumbili kwenye miti. Sijui kama nilikuwa na furaha. Najua kwamba jiwe likitoka vizuri mkononi, bega lilikuwa linaniambia kabla halijafika.

Nilipofaulu kwenda sekondari, shule ya wasichana huko huko milimani, nilikwenda na mikono yangu yote miwili, wa kulia kwa darasani na wa kushoto kwa porini. Ilikuwa miaka ile ya elimu ya kujitegemea. Asubuhi tulisoma, mchana tulilima, na shamba la shule lilikuwa kubwa kuliko shule yenyewe. Tumbili wa huko walikuwa ndugu wa wale wa kwetu. Siku moja nilimtwanga mmoja kutoka mbali, akaangusha hindi na kubaki amekaa juu ya tawi akinitazama kwa masikitiko. Nilipogeuka nikamkuta mwalimu wetu wa michezo amesimama nyuma yangu na jembe lake.

Alikuwa kijana kutoka kanda ya ziwa, mrefu, mwenye baridi ya kudumu. Alivaa sweta mbili na bado alikuwa anasugua viganja. Kishambaa hakukijua hata neno, na mila zetu alizipita kama mtu anavyopita mahali penye giza, akipapasa. Akaniuliza, "Wewe, umewahi kushika mkuki?" Nikamwambia mikuki ni ya wanaume. Akasema mkuki wa michezo hauna habari na mambo hayo. Nikamwambia basi kuna la pili, mimi natumia kushoto. Akacheka. "Kwetu samaki haulizi ndoano imetupwa kwa mkono gani," alisema, akaenda kuuleta.

Shule ilikuwa na mkuki mmoja. Seremala wa Magamba alikuwa ameuchonga, na fundi wa Lushoto akauwekea ncha ya chuma. Mwaka mzima tulifanya mazoezi nyuma ya mabweni, mimi, yeye na mkuki huo. Upande ule hapakuwa na mtu mzima aliyekaa mbele yangu, ila mibuni na ukuta wa bonde, kwa hiyo kushoto kwangu kulifanya kazi bila kizuizi. Nilijifunza kukimbia, kuvuka miguu, kutulia, kuachia. Mwalimu alikuwa anapima kwa kamba yenye mafundo. Mkuki ukienda mbali sana, alivua sweta moja.

Hapa lazima nieleze kwa nini jambo la kurusha kijiti liligeuka kuwa jambo la maisha. Wakati ule kidato cha nne hukuchagua wewe uende wapi. Serikali ilipanga. Waliofaulu sana walikwenda mbele, waliofaulu kiasi walipangiwa vyuo, na waliobaki walirudi kujenga taifa kwa jembe, ambalo hata hivyo tulikuwa nalo tayari. Mimi kwenye hesabu nilikuwa wa kusikitikiwa. Lakini vyuo vya ualimu vilitaka walimu na vilitaka kikombe cha michezo pia, na walimu wa michezo wa vyuo walikuwa wanazunguka kwenye mashindano ya shule kutazama. Mwalimu wa chuo akikupenda, alikuombea nafasi, na mara nyingi ombi lake lilisikilizwa. Huo ndio mlango uliokuwa umebaki kwa mtu kama mimi.

Upande wa pili wa mlango nilikuwa naujua. Baba alikuwa amemtuma mtu kutoka Kwamkoro na maneno mawili. La kwanza, shule ikiisha bila jibu, iko nafasi ya kuchuma chai kando ya mama. La pili, kuna mgane mmoja wa huko, mwenye cherehani mbili, ameuliza habari zangu. Sikumchukia mtu huyo, wala sikumjua. Kilichoniuma ni kwamba habari zangu zilikuwa zinaulizwa Kwamkoro na kujibiwa huko huko, nami niko Malindi. Nilitaka kwenda chuoni. Nilitaka sana, mpaka nikawa siwezi kulitaja jambo hilo mbele ya wenzangu.

Nao walikuwa wanataka vivyo hivyo. Ungetusikia bwenini siku za kukaribia mashindano. Tulikuwa tumelelewa kutoonekana, msichana mzuri ni yule asiyesikika mpaka aitwe, halafu ghafla tunaambiwa maisha yetu yanategemea kuonekana na mgeni asiyejua hata majina yetu. Jirani yangu wa kitanda, mkimbiaji, alishona kitambaa chekundu kwenye bukta yake ili akipita aonekane. Mwingine alipaka mafuta miguu mpaka mbu walikuwa wanateleza. Swali lililotusumbua kuliko yote lilikuwa la shikamoo. Je, ukipita mbele ya meza ya wageni katikati ya mbio, unaamkia au huamkii? Ilisemekana mwaka wa nyuma msichana mmoja wa mita mia nane alisimama, akaamkia, akasubiri marahaba yake, ndipo akaendelea. Alikuwa wa mwisho, lakini wazee walimsifu sana.

Mashindano yalifanyika Lushoto, kipupwe, siku ya baridi yenye ukungu uliokuwa unashuka na kupanda. Uwanja ulikuwa umechongwa ubavuni mwa mlima na ulikuwa unateremka kidogo, kama vyote vya kwetu. Sehemu pekee iliyokaa sawasawa ilikuwa mwisho wake wa chini, na huko ndiko waandaaji walikoweka turubai, meza ya wageni na mabenchi ya wazee. Tulirusha mkuki kutoka juu kuelekea huko huko. Palikuwa na nafasi pembeni ya turubai ambayo mkuki ungeweza kupita, na tena hapakuwa na hofu, kwa sababu hakuna msichana aliyewahi kurusha mkuki ukafika karibu na wageni.

Mgeni wa chuo alikuwa mwanamke, mtu wa nyika, wa umri wa shangazi mdogo. Alivaa suti ya michezo ya bluu na filimbi shingoni, na alikaa wima. Tulikuwa tumejiandaa kuonekana na mwanamume na sasa tulibabaika. Mwenye kitambaa chekundu alianza kujuta.

Halafu nikamwona bibi. Alikuwa amekuja kutoka Malindi kwenye lori la kabichi, amevaa kanga zake za kanisani na sweta la marehemu babu. Sikuwa nimemwalika. Nilikuwa nimemwambia kuna michezo, sikumwambia mchezo gani, na mkono gani ndiyo kabisa. Kwa sababu ya mvi zake akaongozwa mpaka benchi la mbele, bega kwa bega na meza ya wageni.

Yaliyofuata yalitokana na salamu. Bibi alipofika pale alimtazama mgeni na, kabla mwenzake hajafumbua mdomo, akamsabahi kwa Kishambaa. Mgeni hakuelewa. Alisikia sauti ya salamu, akaona watu wanamtazama, akajibu kwa ukarimu wote, "Marahaba, mama."

Mwanamke wa umri ule kumwitikia bibi yangu marahaba, kama vile bibi ndiye mtoto! Katibu wa mashindano, mtu wa kwetu, akainama sikioni kwa mgeni na kumweleza. Mgeni akasimama, uso umemshuka, akasema, "Shikamoo, bibi. Nisamehe, bibi, sikujua." Bibi akaitikia, akakaa, na kwa upande wake yakaisha. Kwa mgeni hayakuisha. Kuanzia hapo alikuwa akiwatazama wazee kwa pembe ya jicho. Walipopiga makofi alipiga makofi, walipokataa chai naye aliirudisha. Ilionekana wazi kwamba hatakosea mila za milimani mara ya pili.

Zamu yangu ilifika. Kila mmoja alikuwa na mitupo mitatu. Nilisimama juu, mkuki mkononi, mkono wa kushoto, na nikatazama chini ya uwanja kule mkuki utakakokwenda. Kule alikuwa amekaa bibi yangu, mikono mapajani, ananitazama mimi tu.

Sikufikiri. Mkono wangu wa kulia ulipokea mkuki wenyewe, kama mwiko umeugonga ule mwingine. Nikakimbia, nikarusha. Mkuki ukaenda kwa ubavu, ukalala majanini karibu na nilipoanzia. Watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Kushoto!" mwalimu alipiga kelele kutoka pembeni. "Kushoto, kushoto!"

Watu wawili wa kupima wakadhani ndio wanaoambiwa, wakasogea kushoto na kamba yao. Nikarusha tena kwa kulia. Safari hii mkuki ulichoma ardhi, lakini mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu angeuchomeka. Nilimwona mgeni wa chuo akigeuza macho kutazama wanaoruka juu. Hapo niliiona chai ya Kwamkoro, mstari mmoja, na wa pili nyuma yake, na mgongo wa mama yangu.

Mwalimu alikuja mbio. "Umepatwa na nini?"

"Bibi yangu yuko pale mbele, mwalimu."

"Namwona. Sasa?"

"Siwezi kumrushia kwa kushoto."

Alinitazama, akautazama mkono wangu, akamtazama bibi. Mwaka mzima alikuwa amenifundisha mbio, nyonga na kifundo cha mkono, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba siku moja kutakuwa na bibi. "Humrushii yeye," alisema. "Unarusha uwanjani."

"Yeye ndiye aliye mwisho wa uwanja, mwalimu."

Alisugua viganja. Nikabaki nimesimama na mtupo wangu mmoja, huku mwamuzi ananihimiza. Nilikuwa nimeshaamua kurusha kwa kulia na kwenda zangu. Ndipo bibi akasimama.

Hakuwa amesikia neno hata moja, tulikuwa mbali. Lakini alikuwa amenilea, na alikuwa ameona mitupo miwili ya yule goigoi aliyemjua vizuri tangu enzi za kuni. Akakunja kanga begani. Kisha akaita kwa Kishambaa, sauti yake ikapanda uwanja mzima, "Ngoja nigeuke."

Akageuka. Akamwambia mzee aliyekaa naye ainuke, wakalizungusha benchi, akakaa tena na mgongo wake kwangu, anatazama mlima wa ng'ambo. Wazee wengine hawakujua sababu. Lakini mama wa umri ule akigeuka, na tena kwa heshima namna ile, hukai ukatazama. Mmoja aligeuka, wa pili akageuka, mabenchi yote yakageuka. Katibu alisita, akageuka. Na mgeni wa chuo, ambaye marahaba yake ilikuwa bado inamchoma, aliwatazama wa kulia kwake, akawatazama wa kushoto kwake, akasimama taratibu, akageuza kiti.

Nilirusha mbele ya migongo. Nilihamisha mkuki kushoto, nikakimbia, nikavuka miguu, nikatulia, nikaachia, na bega likaniambia kabla mkuki haujafika. Ulipanda, ukanyooka, ukapita pembeni ya turubai na kusimama nje ya uwanja kabisa, kwenye majani ya ng'ombe wa mtu. Wanafunzi walipiga mayowe. Sijapata kurusha vile tena, na nilirusha miaka mingine kadhaa.

Wageni, kwa kuwa walikuwa wamegeukia huko, waliona tu mkuki ukitua nyuma ya meza yao na kubaki unatikisika. Mgeni wa chuo akauendea, akaushika, akautazama umbali mpaka niliposimama. Mwalimu wangu alikuwa ameshafika pale chini, amevua sweta zote mbili. Aliniita, nikashuka.

"Nani amerusha?" mgeni aliuliza.

"Huyu," mwalimu alisema. "Umeona!"

"Sikuona. Niliona ule wa kwanza na wa pili."

"Lakini mkuki ndio huu hapa."

"Mkuki uliosimama sijui umefikaje. Uwanja wenu unateremka, pengine kuna upepo. Mimi natafuta mkono, ndugu mwalimu, na mkono sijauona." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu aliyenyimwa kitu. Kisha akamgeukia katibu. "Na kwani kwa nini huwa mnageuka kwenye mtupo wa tatu? Ni mila ya zamani?"

Katibu alisema hata yeye hajui. Aliwauliza wazee, nao kila mmoja alimwonyesha aliyemtangulia kugeuka, mpaka kidole kikafika kwa bibi. Bibi akaniuliza wanasema nini. Nikamfasiria kwamba mgeni hakuona mtupo wangu kwa sababu naye aligeuka.

"Aligeukia nini?" bibi alisema. "Mimi nimegeuka kwa ajili ya mjukuu wangu. Wa kwake yuko wapi?"

Wazee waliangua kicheko, na mgeni alipofasiriwa akacheka naye, akajipiga paji la uso. Mwalimu wangu tu ndiye ambaye hakucheka. Alisema mashindano ni mashindano na mitupo mitatu imekwisha, lakini kama mgeni atakubali, nje ya mashindano, mmoja wa kutazamwa. Mgeni akatazama ukungu uliokuwa umeshaanza kufunika wanaoruka juu. Gari lao lilikuwa na mteremko mrefu mpaka Mombo na dereva alikuwa ameshaanza kukohoa kwa maana. Akasema mmoja, upesi.

Nikamwambia bibi, "Wanataka nirushe tena. Huyu mama anataka kuona mkono."

Nilingoja aseme atageuka. Akazungusha benchi kwa mikono yake mwenyewe mpaka likaelekea uwanjani, akaketi, akafunga kanga kifuani. "Mwambie akae hapa karibu nami," alisema. "Safari hii tutatazama wote wawili."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Migongo ilikuwa rahisi. Nilipanda uwanja, na nilipogeuka, ukungu ulikuwa umekula nusu ya uwanja na unaendelea na nusu nyingine. Niliweza kumwona bibi, lile sweta la babu, na pembeni yake rangi ya bluu. Nilimwonyesha mkono wa kushoto, mkuki ndani yake, mbele za watu. Hakugeuka. Nikakimbia, nikarusha kuelekea kwake, na kwa mara ya kwanza maishani bibi yangu akautazama mkono ule ukifanya kazi yake.

Mkuki ulipanda ukaingia kwenye ukungu na hatukuuona tena. Tulisikiliza. Hakuna aliyesikia ulipoanguka. Watu wa kupima walikimbia na kamba yao, wakasimama, wakatazamana.

Niliposhuka, mgeni alikuwa amesimama. Mwalimu alianza kuomba radhi kwa ajili ya ukungu. "Nimeuona mkono," mgeni alisema. "Mkuki ulikoangukia ni shauri la mwenye mkuki." Akaniuliza natoka wapi, baba yangu yuko wapi, na kama nina nguvu ya kuishi kwenye joto. Nilimjibu. Alisema ataniombea nafasi kwake, nami nisiache kuusoma ualimu wenyewe, maana mkono huchoka. Nilimwamkia kwa kumuaga, naye akaitikia marahaba, safari hii mahali pake. Gari likashuka na taa zimewashwa mchana.

Aliniombea kweli, na nikapata. Sitasimulia habari za chuo, zilikuwa za kawaida. Viwanja vya huko vilikuwa tambarare, na mwisho wake hapakuwa na bibi wa mtu. Nilishinda mara chache, nikashindwa mara nyingi zaidi, na mkono ulichoka kama nilivyoambiwa. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote, nikiandika ubaoni kwa kulia na kurusha chaki kwa kushoto. Yule mgane wa Kwamkoro alioa kwingine, na nasikia zile cherehani zilipata mtumiaji hodari.

Lakini jioni ile mashindano yalipokwisha, mkuki wa shule ulikuwa bado umepotea, na mwalimu alisema haondoki bila huo. Wenzangu waliingia kwenye lori wakaanza kuimba. Mimi na bibi tuliteremka chini ya uwanja, kwenye matuta ya kabichi ya mtu, tukitafuta. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimfuata kwa kusikia kanga yake ikipangusa majani. Hakusema lolote juu ya mkono, nami sikuthubutu. Nilikuwa na ahadi ya chuo na bado nilikuwa nangojea mwiko.

Aliuona yeye. Ulikuwa umechoma katikati ya kabichi, ukaitoboa kabisa. Aliung'oa, akafuta udongo wa ncha kwa pindo la kanga, kwa makini, kama anavyofuta kisu chake, kisha akaniletea. Nilinyoosha mkono wa kulia kuupokea, kama alivyonifundisha.

Hakuuachia. Niliuvuta kidogo, akaushikilia.

"Siyo huo," alisema. "Ule mwingine."